Kutoka meno bandia hadi heleni za pembe

Nianze na pembe maana ndo zilizonipa jina mtaani kabla hata sijauza heleni moja. Ilikuwa kama mwezi wa tatu tangu nistaafu, nikaenda pale machinjio ya Vingunguti nikanunua kiroba kizima cha pembe za ng'ombe, nikampa bodaboda tukaanza safari ya kurudi Tabata, sasa kiroba kikatoboka njiani na pembe mbili zikadondoka mbele ya duka la Mangi, saa kumi na moja jioni, watu wametoka kazini wamejaa pale. Nikashuka nikaziokota. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hiyo ndo ilikuwa dalili mbaya, mtu wa Dar asipouliza ujue jibu keshajipa mwenyewe.

Usiku nikawasha kuni nyuma ya nyumba nikabandika sufuria kubwa la shughuli. Pembe ya ng'ombe ndani ina mfupa, ukiichemsha muda mrefu, masaa sio dakika, inaachia, halafu unaigonga kwenye jiwe na mfupa unachomoka kama mguu kwenye gambuti. Ila harufu yake jamani. Pembe ni kitu kilekile cha kucha na nywele, kwahiyo ukiichemsha ni tabu na ukija kuikata na msumeno ikapata moto inanuka kama saluni imeungua. Mume wangu alihamia sebuleni akafunga na madirisha, joto la mwezi wa pili hilo.

Asubuhi mjumbe huyo hapo. "Mama Neema, mie nimetumwa tu." Akakaa, akanywa chai, akasema majirani wanauliza uliza, mtu kastaafu vizuri, kazi ya heshima ya hospitali, sasa pembe, moto usiku wa manane, watu wana wasiwasi labda umefungua... hakumalizia. Nikamchukua mpaka uani nikamwonyesha msumeno, tupa, misasa ya aina nne na bangili moja niliyokuwa nimeimaliza, nyeusi yenye mstari mweupe, imeng'aa. Akaishika shika, akaijaribu kwenye mkono wake haikupita, akasema ya mama watoto itaingia hii. Akaondoka nayo. Kesi ikaishia hapo ila watoto wa mtaa mpaka leo wanaelekeza wageni "kwa Mama Mapembe".

Sasa kazi ya heshima yenyewe ilikuwa hii: kwa miaka 29 nilikuwa fundi wa maabara ya meno. Sio daktari. Daktari anamwona mgonjwa, anachukua alama ya mdomo, mimi naletewa ile alama chumba cha nyuma, namwaga plasta, natengeneza kwa nta, napanga meno, nageuza kuwa akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia, nasugua, narudisha. Wagonjwa wengi sikuwahi kuwaona sura, nilikuwa namjua mtu kwa taya lake tu. Nikafika 55 nikaomba kustaafu kwa hiari, sheria inaruhusu, lazima ni 60, mgongo ulikuwa umeshachoka kuinamia meza. Mafao yakaingia (habari za kikokotoo, ile hesabu ya kupigia mafao, tuziache, presha itapanda) nikapiga paa, nikalipa ada ya mtoto wa mwisho, na kiasi kidogo nikasema hiki ni changu, nataka kutengeneza vitu vya urembo.

Hamu yenyewe ilikuwepo tangu zamani sana. Pale maabara nikibakiwa na kipande cha nta nilikuwa nakichonga ua, kajani, sikio la mtu, halafu nakiyeyusha kabla bosi hajaingia. Sikuwahi kufikiria kwamba ile ndo kazi na yale meno ndo mazoezi.

Kosa langu la kwanza, na hili limenila karibu mwaka, ni kwamba nilijiambia naanza upya kabisa. Maisha mapya vitu vipya. Plasta sitaki kuiona, nta sitaki kuinusa. Nikaenda Kariakoo nikanunua shanga za kila rangi, nyuzi, vikulabu, plaizi ndogo, nikakaa na simu naangalia video, wanavyofanya na mimi nafanya. Nikatoa heleni na mikufu mingi tu. Vilikuwa sawasawa na vile vinavyouzwa palepale Kariakoo vimekuja na kontena, isipokuwa vyangu vilikuwa vimechukua siku mbili na vya kontena ni elfu mbili. Dada yangu alikuja akaangalia akasema "zuri", halafu akaanza kuongelea mambo mengine kabisa. Mtu akisema zuri akahama mada, hilo zuri ni la huruma.

Hapo nikaanza kurudi kwenye vitu vyangu kinyemela. Nilikuwa na poda ya akriliki ya rangi ya ufizi nusu kopo, nikatengeneza heleni za kwanza za kwangu mwenyewe, nikapachika na vipande vya kifuu cha nazi ndani. Kazi safi, haina mkwaruzo. Ila zilikuwa za rangi ya ufizi. Binti yangu aliziweka masikioni akajiangalia kwenye kioo akasema mama nahisi masikio yangu yanataka kuota meno. Tulicheka mpaka machozi, lakini usiku nililala nikifikiria.

Jozi ya pili nikasema nitumie akili. Sasa pale maabara kuna kipimo cha rangi, vijino 16 vimepangwa kuanzia A1 mpaka D4, unavilinganisha na meno ya mtu ili lile bandia liendane na ya jirani yake. Jicho langu lina huo ugonjwa, likiona kitu linatafuta rangi ya kufanana nayo. Mteja wangu wa kwanza wa oda alikuwa shemeji, nikamtengenezea heleni, nikachanganya rangi mpaka ikalingana kabisa na ngozi ya shingo yake. Nilijisifu kwelikweli. Akazivaa kwenye send-off, watu wakamuuliza mbona leo hujavaa heleni.

Hapo ndo nikaelewa shida yangu ni nini. Meno bandia mazuri ni yale ambayo hakuna mtu anayeyaona. Kwa miaka 29 sifa yangu yote ilikuwa kutoonekana, mgonjwa akimwambia daktari "hata mume wangu hajajua", hiyo ndo ilikuwa nishani yangu. Mpaka kasoro nilikuwa naziweka kwa ajili ya kujificha, kila seti nilikuwa nageuza kidogo chonge ya juu kushoto, kidogo tu, maana meno yote yakinyooka kama askari yanajishtaki yenyewe. Sasa heleni ambayo hakuna aliyeiona ni hasara tupu. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi lakini ilikuwa imefundishwa kuifuta kazi isionekane, kila nikiunga vitu viwili nasugua mpaka kiungo kinapotea, kila rangi naituliza. Sikuhitaji kuanza upya, nilihitaji kuacha kusugua. Kusema ni rahisi, mpaka leo kuna siku najikuta nimefuta kitu ambacho ndo kilikuwa uzuri wenyewe.

Metali nayo ilibidi nifundishwe. Maabara tulikuwa tunamimina metali ila kwa mashine, na kuchomelea vipande vidogo vya fedha sikujua kabisa. Nikapelekwa kwa sonara mmoja Kariakoo, kijana, umri wake na wa mwanangu wa pili ni uleule. Siku ya kwanza "shikamoo mama", "marahaba mwanangu", akanipa kigoda, akaniletea na soda. Nikajua hapa hakuna kusoma. Kijana wa kwetu hawezi kumwambia mama mtu mzima "umekosea". Alikuwa ananiangalia naharibu, anakohoa, anasema "mama, labda tujaribu na hivi pia". Lehemu yangu, ile metali ya kuungia, ilikuwa inajikunja kama kidonge inabingirika, haishiki, nimeunguza vipande sijui vingapi, yeye anakohoa tu. Mpaka siku nikamwambia mwanangu, hapa mimi mwanafunzi, nikikosea niambie kama ungemwambia huyo dogo wako anayekufagilia hapa ndani. Akavuta pumzi akasema kwa haraka kama anayekimbia, "Mama samahani sana naomba usikasirike, unachoma lehemu. Usichome lehemu, choma fedha yenyewe yote ipate moto sawa, lehemu itaufuata moto ulipo." Siku hiyohiyo ikashika. Wiki tatu za adabu zimenigharimu fedha ya kutosha pete nne.

Kwake ndo nilijifunza pia kwamba ukimaliza kuchomelea kipande kinakuwa cheusi, unakichemsha kwenye maji yenye shabu, ileile shabu ya dukani, kinarudi cheupe. Na brasi unaisugua na ukwaju, mama zetu pwani walisugulia hivyo masinia tangu enzi. Nimesoma kemia ya chuo na ukwaju kama kitu cha kazi sikuwahi kuuwaza.

Yeye naye kuna kitu alikuwa hana. Siku moja ana oda ya pete yenye ua, anachonga nta kwa kisu baridi inamkatikia, nikamwambia lete. Nikapasha ncha ya kisu kwenye koroboi, nikachonga. Jino la gego lina vilima na mabonde, ukishachonga magego miaka 29 ua ni mchezo. Akanyamaza. Akaita mpaka jirani yake wa meza ya pili aje aone. Kuanzia hapo hesabu zetu zikawa mimi namchongea nta, yeye ananifundisha na ananiazima moto, na jina likabadilika kutoka mama mpaka "mama fundi". Hilo neno la pili nililisubiri kuliko hata mafao.

Kitu ambacho natamani ningeambiwa mapema ni kuhusu moshi, na hapa naomba mtu anayetaka kuanza asome taratibu. Nilinunua kwa wauza vyuma chakavu koki za zamani za brasi nikawa nayeyusha nyumbani kwenye jiko dogo la kujitengenezea. Brasi ni kopa na zinki zimechanganywa. Kopa peke yake inayeyuka nyuzi 1085, lakini zinki ikifika nyuzi 907 tu inaanza kuchemka yenyewe inatoka kama moshi mweupe, na huo moshi ukipoa unaona kitu kama pamba kimeshika ukutani. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha nikafunga mlango wa stoo. Usiku homa, baridi kali, viungo vyote vinauma, mdomo una ladha ya sarafu. Nikasema malaria hii. Asubuhi nikapima hakuna malaria, na jioni nikawa mzima kabisa. Wiki iliyofuata nikayeyusha tena, homa tena, kipimo tena hakuna kitu. Mara ya tatu ndo nikakumbuka mwalimu wetu wa chuo aliwahi kusema mafundi wa shaba wana homa yao, inaingia masaa machache baada ya kuvuta moshi na inaondoka siku moja au mbili, inafanana na malaria kama pacha. Nilikuwa nimeisoma! Niliandika na kwenye daftari! Sasa nayeyushia nje, nasimama upande upepo unakotoka, naweka boraksi kidogo juu, ule unga wa mafundi wa kuyeyushia metali, na sipitishi moto kupita kiasi. Na kalibu ya plasta, yaani umbo unalomiminia metali, lazima ikauke kabisakabisa kwenye tanuri, metali ya moto ikikutana na unyevu inaruka. Plasta yenyewe isiwe tupu, ichanganywe na unga wa silika, tupu inapasuka, niliokota brasi sakafuni kama mandazi.

Hili la kujua kitu na usikiunganishe limenitokea mara mbili. Mara ya pili ni mteja alinipigia simu analalamika masikio yanawasha yanatoa maji. Nikamwambia utakuwa umeyagusa na mikono michafu, Mungu anisamehe. Wiki hiyohiyo mwingine. Vikulabu nilivyonunua kwa jumla, vya bei chee, vilikuwa na nikeli. Na mimi huyuhuyu pale maabara nilikuwa napokea karatasi za madaktari zimeandikwa kwa wino mwekundu mgonjwa huyu ana mzio wa nikeli usimwekee ile metali ya nikeli na kromi. Miaka na miaka. Lakini ile elimu nilikuwa nimeifungia kabati la "kazi ya zamani" na funguo nimetupa. Nikawarudishia hela wote wawili, na sasa vikulabu natengeneza mwenyewe kwa waya wa fedha ya 925, ile ambayo katika gramu 1000 zake 925 ni fedha tupu. Bei imepanda, simu za kulalamikia masikio zimeisha.

Kuna habari ya viputo ambayo hata mimi sijaielewa vizuri. Akriliki ni poda na maji yake, unakanda kama unga wa maandazi, unapakia kwenye kalibu, unachemsha taratibu. Yale maji yake yanachemka nyuzi 100 na ushee, karibu sawa na maji ya kawaida, ukiharakisha moto yanachemkia mle ndani na kuacha viputo. Kwenye meno hiyo ni aibu, unavunja unarudia, maana viputo vinabeba uchafu na ladha. Siku moja nilikuwa na bangili ya akriliki ya kioo nimezungushia waya wa kopa wa mota mbovu, umeme ukawa unachezacheza nikaogopa utakatika nikaongeza moto, ikatoka imejaa viputo kama soda imeganda. Nikaitupa kwenye boksi la makosa. Mwanamama mmoja akaja kuchukua mzigo wake akachungulia kwenye boksi akaitoa hiyo, akalipa. Basi nikajiona nimevumbua, nikatengeneza kumi za viputo kwa makusudi. Kuharibu kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kutengeneza, zingine viputo vilikaa upande mmoja, zingine zikawa ukungu tu. Niliuza moja, na aliyenunua akaomba punguzo kwa sababu "ina kasoro". Tisa ninazo, mwenye kuelewa soko la sanaa aje anieleze.

Bei ndo imenitesa kuliko moto. Maabara sikuwahi kupanga bei ya kitu, kulikuwa na dirisha la malipo huko mbele. Mara ya kwanza naweka meza kwenye maonyesho ya wikiendi upande wa Masaki, mdada akaniuliza heleni za pembe bei gani nikasema elfu kumi na tano, na kabla hajafungua mdomo nikasema "au kumi". Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mdada akalipa kumi na tano akaondoka. Tangu siku hiyo bei nimeandika kwenye karatasi naziweka mezani, mdomo wangu siuamini.

Na pembe zina maswali yake. Kuna wanaokuja wananong'ona kama ni za ndovu, na nikisema ng'ombe wa Vingunguti wengine sura zinaanguka. Nawaambia biashara ya pembe za ndovu nchi za dunia zilikubaliana kuipiga marufuku tangu 1989, na mimi nataka kuzeekea Tabata sio gereza la Segerea. Baba mmoja mtu wa Tanga alikuja na kitana cha bibi yake cha gamba la ng'amba, kimekatika, anataka kingine kama hicho kwa ajili ya binti yake anaolewa. Ng'amba ni kasa, analindwa, hapana. Lakini nikamwambia aniachie kile cha zamani nikiangalie. Nikatafuta pembe nyeupe yenye mabaka, zipo chache, nikailainisha kwenye mafuta ya moto nikaibana kati ya mbao mbili mpaka ikawa bapa, ukiishika kwenye mwanga inapitisha mwanga kama asali. Meno ya kitana nilikata moja moja na msumeno wa sonara, meno 22, nimevaa miwani mbili, ya kusomea na ya kukuzia juu yake. Kile kilichokatika sikukiunga kikaonekana kizima. Nilikifunga kwa bamba la brasi na misumari midogo mitatu, waziwazi. Yule baba alipokuja alikiangalia hicho cha bibi muda mrefu kuliko kipya. Hiyo nadhani ndo kazi yangu ya kwanza ambayo sikuisugua kupita kiasi.

Sijatajirika. Kuna mwezi inalipa umeme na mboga, kuna mwezi inajilipia yenyewe msasa. Kidole gumba cha kulia asubuhi hakikunjiki mpaka nikiloweke maji ya moto, na kazi za fedha nafanya saa mbili mpaka saa sita tu, mchana macho yamechoka nafanya pembe na vifuu, vitu vinavyosamehe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye meza yangu kulekule Masaki, akaja mama mmoja mtu mzima na mumewe, akachagua mkufu wa brasi na mpingo, akajiwekea shingoni, akamgeukia mumewe akacheka. Chonge ya juu kushoto imegeuka kidogo. Kidogo tu. Nilimwangalia labda sekunde tano zaidi ya inavyotakiwa, mpaka akafunga mdomo akaniuliza vipi, haujanikaa?

Mumewe alikuwa amesimama palepale. Nikasema umekukaa mama, geuka nikufungie nyuma. Nikafunga, nikampa chenji yake.